Nani Atashuhudia Dhidi ya Mjomba?

Mzee wa Kidigo akifa Msambweni, katika kaunti ya Kwale, akaacha shamba la minazi, mke, watoto wawili na mpwa aliyemlea, swali la nani arithi lina majibu manne, na yote manne yanadai kuwa sheria. Kwa utaratibu wa fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, minazi ni ya mpwa, mtoto wa dada wa marehemu. Kwa Kurani, mke anachukua thumni kwa kuwa kuna watoto, mwana wa kiume anapata mara mbili ya binti, na mpwa hana fungu. Kwa Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1981, binti na mwana ni sawa. Waislamu waliilalamikia mpaka Bunge likawatoa ndani yake mwaka 1990. Na kwa Ofisi ya Ardhi, mwenye shamba ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati, hata kama ni babu aliyezikwa zamani na hakuna aliyewahi kwenda kulibadilisha.

Juu ya hayo, Pwani mwenye ardhi si lazima awe mwenye mti. Mnazi huuzwa peke yake, huwekwa rehani peke yake, na ushahidi wa mapatano hayo mara nyingi ni vichwa vya wazee waliokuwepo siku ile. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagiriama wa Kaloleni, aliandika kitabu kizima mwaka 1972 juu ya minazi, tembo na mashahidi, na hoja yake inaeleweka vizuri hata kusini ya Likoni: mali ilikuwa salama kadiri mashahidi walivyokuwa hai, na kadiri walivyokubali kusema.

Wazee wajanja wa Kidigo waliona njia ya kupita katikati ya mila na dini. Aliyetaka kumwachia mpwa chochote alimpa hiba angali hai, mbele ya watu, au alimwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali. Kwa kuwa mpwa si mrithi penye watoto, wasia huo unasimama hata mbele ya Bwana Kadhi. Wakoloni waliikuta kesi hii ya mwana na mpwa wakashindwa kuimaliza. Watu wenyewe waliimaliza nyumba kwa nyumba, wengine kwa amani, wengine kwa kutozungumza mpaka leo.

Hapa pana swali ambalo mahakama hazipendi kuulizwa. Hukumu inasimama juu ya nini? Juu ya askari anayeilinda, juu ya karatasi iliyoiandika, juu ya Mungu anayeiona, au juu ya majirani watakaomcheka anayeivunja? Kwale ni mahali pazuri pa kuliuliza, maana kila moja ya nguzo hizo imejaribiwa hapa, na kila moja ina mahali ilipovunjika.

Iliyotangulia ni ya kaya, misitu mitakatifu ya Wadigo na ndugu zao Wamijikenda. Ngambi, baraza la wazee, halikuwa na polisi wala jela. Lilikuwa na koma, mizimu ya wahenga, na lilikuwa na chirapho, kiapo ambacho mtu aliyekana kosa alilishwa kisha akangojewa: akipatwa na maradhi au msiba, kesi imekwisha. Anayetaka kuona nguvu ya utaratibu huo aende Kaya Kinondo, kando ya fukwe za Diani. Kabla ya kuingia, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, awe profesa au mtalii wa kukodi pikipiki ufukweni, na huambiwa asitoke na kitu, hata jani lililokwisha kuanguka. Msitu ni mdogo, hekta 30 hivi, lakini miti yake imesimama kwa karne nyingi bila mlinzi wa kulipwa mshahara, huku pembeni yake ardhi ikikatwakatwa viwanja vya hoteli.

Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa mali ya kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, na UNESCO ikaziingiza kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ulinzi huo wa maandishi ulikuja kwa sababu ule wa koma ulikuwa umekwisha kupungua nguvu. Koma huwatisha wanaowaamini. Mwenye kampuni ya ujenzi aliyepata hati yake Nairobi hana habari nao, na kisiwani Chale hoteli ilijengwa mahali ambapo wazee wanapaita kaya hadi leo.

Kosa la hati lina tarehe. Mkataba wa Desemba 1895 uliwapa Waingereza utawala wa ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai kipande katika ukanda huo alete dai lake kwa msajili, apewe cheti. Kisichodaiwa kiwe cha Taji la Uingereza. Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi walielewa mchezo na wakaenda. Wamijikenda wengi hawakwenda, kwa kuwa hawakuambiwa, au hawakudhani kwamba mtu anapaswa kumwomba mgeni cheti cha mahali alipozikwa nyanya yake. Sheria haikusema uwongo wowote. Iliuliza swali kwa lugha ambayo wengi hawakuisikia, kisha ikauchukua ukimya wao kuwa jibu. Maskwota wa Pwani wanaosomwa magazetini kila uchaguzi unapokaribia ni watoto na wajukuu wa ukimya huo.

Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha. Ibara ya 63 inataja ardhi ya jamii, na miongoni mwake mahali pa ibada za jadi. Ibara ya 40 inasema mali iliyopatikana kinyume cha sheria haina ulinzi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa, ikaikata kauli: hati iliyotokana na ugawaji haramu haimwokoi hata aliyenunua kwa nia njema. Ni uamuzi wenye meno. Lakini wa kuutumia ni lazima awe na wakili, awe na ramani, na awe anatambuliwa kwamba yupo.

Sharti hilo la mwisho si mzaha Kwale. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 na 1940 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa, wao wakabaki Makongeni na vijiji vya jirani, wakichonga, wakivua, wakizaliana na kuzikana. Hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho mtu hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, hapati kazi ya kuandikwa, na akikutana na askari barabarani anaongea na mfuko. Majirani waliwajua kwa majina, kwa ufundi na kwa madeni. Sheria haikuwajua kabisa. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, akatoa amri waandikishwe, na mapema mwaka 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa. Watu waliohesabika kijijini kwa miongo minane walihitaji saini moja ili wahesabike nchini. Anayedhani maandishi ni adui wa maskini awaulize Wamakonde kama wangependa kurudishwa katika ulimwengu wa mdomo na mashahidi tu.

Basi karatasi peke yake hupofuka. Je, kiapo?

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara: wakaua, wakachoma nyumba na vibanda, wakawafukuza maelfu. Wengi wa vijana hao walikuwa wameapishwa katika msitu wa Kaya Bombo, Kwale. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilisikiliza ushahidi wa namna mganga, kiapo na fedha za siasa vilivyokutanishwa chini ya miti ile ile ambayo wahenga waliitumia kuwaamulia wagomvi. Mahakamani, wengi wa walioshtakiwa waliachiliwa. Aliyekula kiapo hasemi, na asiyesema hana kesi.

Kaya Bombo inawatia haya wanaopenda kusifu mila kwa jumla, na inastahili kuwatia haya. Kiapo kinafunga ulimi. Hakiulizi ulimi unafungwa kwa ajili ya nani. Nguvu iliyomzuia mtu asikate mti ndiyo iliyomzuia asitaje jina la aliyempa panga.

Mbali kabisa na Kwale, nchini China, ubishi huu una miaka zaidi ya 2,000. Konfushio alisimuliwa na mtawala mmoja habari ya kijana mnyoofu wa nchi yake, ambaye baba yake alipochukua kondoo wa watu, yeye alikwenda kushuhudia dhidi yake. Konfushio hakuvutiwa. Kwao, alijibu, unyoofu ni baba kumsitiri mwana na mwana kumsitiri baba. Kwake yeye, amri na adhabu huwafunza watu kukwepa tu, ilhali adabu na mfano mwema huwafunza kuona haya. Wapinzani wake wa baadaye, kina Shang Yang na Han Fei, walimwona kama mtu anayeota: dola haiendeshwi kwa kungoja watu waone haya. Inaendeshwa kwa sheria iliyo wazi, malipo na viboko, na jirani amripoti jirani.

Watawala wa China walichukua vyote viwili, kama mtu anayevaa kanzu juu ya suruali. Mkusanyo wa sheria wa enzi ya Tang, wa mwaka 653, uliwaruhusu jamaa kufichana makosa, isipokuwa uhaini na mengine machache. Ulikwenda mbali zaidi: mwana aliyemshtaki mzazi wake alistahili kunyongwa, hata kama shtaka ni la kweli. Hakimu wa wilaya alikuwa mmoja kwa maelfu ya watu, hivyo kesi nyingi za mipaka, mahari na madeni ziliachiwa wazee wa koo. Isidhaniwe kwamba watu waliridhika na hilo siku zote. Mwanahistoria Philip Huang alipochambua majalada ya mahakama za wilaya za enzi ya Qing alikuta wakulima, wakiwemo wajane, waliopeleka kesi zao kwa hakimu badala ya kuziacha ziishie kwa wazee wa ukoo. Kilichokosekana ni mlango wa juu zaidi. Sheria ya China ilimbana mkulima, ikambana hata hakimu, lakini hakukuwa na mahakama ya kumwita mfalme.

Konfushio hakuwa mjinga, hata hivyo. Karne ya ishirini ilionyesha alichokihofia. Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, kati ya 1966 na 1976, watoto wa China walihimizwa kuwafichua wazazi wao hadharani, na wengi walifanya hivyo. Mwaka 2012 nchi hiyo ilipofanyia marekebisho sheria ya mwenendo wa jinai, iliweka kifungu kwamba mume, mke, mzazi au mtoto wa mshtakiwa asilazimishwe kuja kortini kutoa ushahidi. Kondoo wa baba alikuwa amerudi bungeni.

Mwislamu wa Diani akisikia kisa cha kondoo ana jibu tayari, na haliko upande wa Konfushio. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inawaamuru waumini wasimamie haki na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mungu, hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao, awe tajiri au maskini anayehusika. Maimamu wa pwani ya kusini wanaijua aya hiyo kwa moyo. Na hapa ndipo maisha ya kila siku yanapochukua njia nyingine na kuiita dini.

Mtoto wa darasa la sita ananajisiwa na mjomba wake, au na mwenye duka, au na mtalii mzee ambaye amekuwa akiilipia familia karo. Mama anampeleka hospitali, fomu ya P3 inajazwa, shauri linafunguliwa. Kisha wazee wanakaa. Panatajwa jina la ukoo, panatajwa aibu, inatajwa fedha, na kikao kinafungwa kwa dua. Siku ya kesi hakimu anaita mashahidi, hakuna anayejitokeza. Kesi imemalizwa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliona hila hii mapema: kifungu cha 40 kinaiondoa kesi ya aina hiyo mikononi mwa familia, kwamba kusimamisha uchunguzi au mashtaka ni uamuzi wa afisi ya serikali peke yake. Kifungu ni kizuri. Lakini hakuna kifungu kinachoweza kumtoa mama ndani ya nyumba ya shemeji yake, anakolala na kula, na kumsimamisha kizimbani aseme.

Katiba nayo, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize suluhu za jadi, mradi zisivunje haki za binadamu wala kupingana na utu. Ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Siku moja baadaye, Beijing nayo ikapitisha sheria yake ya usuluhishi wa wananchi. Ni bahati tu ya kalenda, ila nchi mbili zilizo tofauti kwa karibu kila jambo zilikuwa zikikiri ugumu ule ule, kwamba mahakama hazitoshi. Tatizo la kukiri huko ni kwamba suluhu hufaa palipo na watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana: mwenye mbuzi na mwenye mahindi yaliyoliwa. Penye mtoto na mjomba, suluhu ni jina zuri la kunyamazisha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kufutwa kwa kesi ya mauaji baada ya familia mbili kulipana ngamia na mbuzi, na mawakili wamekuwa wakibishana tangu hapo kama marehemu naye alikuwa na upande katika mapatano yale.

Mahali pamoja katika eneo hili pameonyesha kwamba mtu anaweza kusema dhidi ya wake mwenyewe bila kuonekana msaliti, nako ni kwa kadhi. Mahakama za kadhi zilikuwepo kabla ya Waingereza, zikahifadhiwa na mkataba wa 1895, na zikawekewa ahadi tena Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walipokubaliana juu ya hatima ya ukanda wa Pwani. Mei 2010 Mahakama Kuu ilisema kuwapo kwake katika katiba ya zamani hakukuwa halali, makanisa yakafanya kampeni dhidi ya mahakama hizo, na kura ya maoni ya Agosti ikazibakisha. Kelele zote hizo za kitaifa zilihusu chumba ambacho, kwa siku ya kawaida mjini Kwale, kina mwanamke anayedai matunzo na mwanamume anayetazama dari.

Susan Hirsch, mwanaanthropolojia aliyekaa katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa na kuchapisha utafiti wake mwaka 1998, alikuta kwamba walalamikaji wengi ni wanawake, na kwamba mara nyingi wanashinda. Nyumbani mke mwema hufundishwa kuvumilia na kusitiri. Mbele ya kadhi anatakiwa kueleza: siku ngapi hakuacha pesa ya chakula, alimpiga kwa nini, alimtamkia talaka lini. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 inaongeza kwamba shahidi asibaguliwe kwa dini wala jinsia. Hakuna mzee wa mtaa anayeweza kumwambia mwanamke huyo kwamba ameuacha Uislamu kwa kwenda huko. Amemshtaki mumewe ndani ya nyumba ya dini yake mwenyewe. Huenda nguvu hiyo ndiyo iliyokosekana katika baraza la wazee na katika korti ya hakimu kwa pamoja: ya kwanza ni yake lakini inamnyamazisha, ya pili inamsikiliza lakini si yake.

Mipaka ya kadhi nayo ni myembamba. Ibara ya 170 inampa ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Hana ubakaji, hana ardhi iliyoporwa, hana kitambulisho. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri la urithi lililotoka Pwani, iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mali ya baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo, maana nafasi ambayo Katiba inaiachia sheria ya Kiislamu kutofautiana na usawa ni ndogo, tena ya lazima tu. Masheikh wengi walikasirika: Mungu amekwisha kugawa mafungu, majaji ni nani? Waliotetea uamuzi waliuliza mtoto amekosa nini. Kila upande una hoja ambayo mwingine hawezi kuijibu kwa lugha yake.

Kwa hiyo mama wa Ukunda mwenye mtoto wa namna hiyo leo ana milango miwili. Wa Mahakama Kuu utampa mtoto fungu, na shangazi za marehemu hawatampa mkono tena siku ya Idi. Wa kadhi hautampa fungu, isipokuwa marehemu aliacha hiba au wasia wenye mashahidi. Mawakili wa Mombasa wameshajua wampeleke wapi. Jamaa za marehemu nao wanalijua hilo, na atakayefungua jalada kwanza atakuwa amemtangulia mwenzake hatua kubwa.